Anza na Kalenda: Mwongozo Kamili wa Kuelimisha Jamii Kuhusu PCOS

Vikao vingi vya kuelimisha wanawake kuhusu PCOS, hali ya homoni inayovuruga hedhi, huanza na swali lilelile: "Nani hapa anatafuta mtoto na hapati?" Nimekaa kwenye vikao hivyo na nimeona kinachofuata. Chumba kinanyamaza. Anayetafuta mtoto anainamisha macho, maana ameulizwa mbele za watu jambo analolilia akiwa peke yake. Asiyetafuta anaona hayamhusu, anatoa simu. Na binti wa miaka 17 aliyekaa kiti cha nyuma, ambaye ana miezi minne hajaona siku zake, anaondoka akiamini kwamba mambo yale ni ya wake za watu.

Nami niliwahi kuwa binti huyo. Jina la hali yangu nililisikia nikiwa na miaka 29, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kuambiwa "ni homoni tu, ukizaa zitakaa sawa". Tangu hapo nimekuwa nikizungumza na wanawake, mabinti na wakati mwingine waume, na jambo nililojifunza ni hili: elimu ya PCOS ianzie kwenye kalenda, isianzie kwenye ugumba. Kalenda haimwaibishi mtu. Kila anayeona siku zake anaweza kuhesabu, awe ameolewa au hajaolewa, anataka mtoto au hataki, na hesabu hiyo ndiyo itakayompeleka hospitali mapema.

Nimeuandika mwongozo huu kwa yeyote anayetaka kuifanya kazi hii: muuguzi, mwalimu, kiongozi wa kikundi, au mwanamke mwenye PCOS aliyechoka kukaa nayo kimya.

Hatua ya 1: Ielewe mwenyewe mpaka uweze kuisimulia bila karatasi

PCOS kwa Kiswahili huitwa sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, ingawa mitaani wengi husema tu "mvurugiko wa homoni" au "vivimbe maji kwenye ovari". Inampata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye hali hii hawajagunduliwa. Ukiwa na wanawake 40 ukumbini, usiongee kana kwamba unasimulia habari za watu wa mbali. Wamo humo humo.

Jina lenyewe linapotosha, na hili ulielewe vizuri kwa sababu utaulizwa kila mara. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika kuhusu wanawake saba wenye ovari kubwa zenye vifuko vingi, na tangu hapo macho ya watu yakaganda kwenye ovari. Mwishoni mwa 2012 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema wazi kwamba jina hilo linachanganya na lingefaa kubadilishwa. Vile "vifuko" vinavyoonekana kwenye ultrasaundi si uvimbe. Ni vijumba vya mayai machanga, vyenye upana wa milimita chache tu. Mimi huvieleza kwa mfano wa kitalu: miche imeota pamoja ikadumaa pamoja. Kila mwezi mche mmoja ulipaswa kurefuka ukaiacha mingine, yai lipevuke na kutoka, lakini hakuna uliofika.

Kinachoidumaza ni homoni. Kila mwanamke anazo androjeni, zile ambazo watu huziita homoni za kiume, kwa kiasi kidogo. Mwenye PCOS zinamzidi. Mara nyingi nyuma yake ipo insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu: mwili unakuwa mgumu kuitikia insulini, kongosho linaizalisha kwa wingi ili sukari ishuke, na insulini hiyo iliyozidi inazisukuma ovari kutengeneza androjeni zaidi. Yai halipevuki, basi hedhi inachelewa. Androjeni zimepanda, basi chunusi zinang'ang'ania, ndevu zinaota kidevuni, nywele za utosini zinapungua. Hata ule weusi laini kama mahameli unaotokea shingoni na kwapani, ambao wasichana wengi wameusugua kwa brashi mpaka ngozi ikachubuka wakidhani ni uchafu, ni alama ya insulini iliyozidi. Hausuguliki. Ukiushika mnyororo huu kuanzia insulini hadi hedhi, maswali mengi utayajibu bila kubabaika.

Na ujue pia visivyoileta. PCOS haiambukizi. Hailetwi na kutoa mimba, wala na vidonge vya majira, wala na tabia. Hutembea kwenye familia: ukimkuta dada anayo, muulizie mdogo wake.

Hatua ya 2: Chagua ujumbe mmoja, uwe na namba

Watu hawatoki kikaoni na mambo kumi. Watatoka na moja, kwa hiyo lichague wewe kabla hawajajichagulia la kutisha. Langu ni hili: ukiona siku zako chini ya mara 8 kwa mwaka, au nafasi kati ya hedhi moja na nyingine inazidi siku 35 mara kwa mara, nenda ukachunguzwe.

Namba hizo zimo kwenye mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa 2018 na kuhuishwa 2023, na zinahusu mtu ambaye imepita zaidi ya miaka mitatu tangu avunje ungo. Mabinti wana vipimo vyao. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kuyumba ni kawaida kabisa, usimtie mtoto hofu. Kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu, nafasi ya siku 21 hadi 45 inakubalika. Lakini baada ya mwaka wa kwanza, nafasi yoyote inayopita siku 90 ni ya kupelekwa hospitali, na binti aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye apelekwe. Pia hedhi zinazofuatana kwa chini ya siku 21 si za kupuuzwa. Watu husahau upande huo.

Ujumbe huu una mipaka yake na lazima uiseme. Anayetumia vidonge, sindano, kijiti au njia nyingine ya homoni hawezi kujipima kwa kalenda, kwa sababu njia hizo zenyewe hubadilisha damu inavyotoka. Mjamzito na anayenyonyesha vivyo hivyo, na pia aliyekaribia kukoma hedhi. Na aliyekosa siku zake ghafla, jambo la kwanza ni kipimo cha mimba.

Namba hii si ya kumpa mtu ugonjwa. Ni ya kumfungulia mlango. Hedhi kupotea kuna sababu nyingi: tezi ya shingo, homoni ya maziwa iliyopanda, msongo mkubwa, kukonda kupita kiasi, mazoezi makali. Kazi yako ni kumfikisha kwa mtu anayeweza kuzitenganisha.

Hatua ya 3: Jua unazungumza na nani

Usikusanye wote mahali pamoja. Binti hatauliza habari za ndevu mbele ya mama yake mkubwa.

Kwa mabinti, zungumza kuhusu kuhesabu, chunusi na nywele, na uwaambie mapema kwamba kukosa hedhi miezi mitatu si baraka, hata kama inapunguza gharama ya pedi. Wengi hufurahi, na mimi nilifurahi. Kwa kina mama, ongea nao kama wazazi wa mabinti kabla hujaongea nao kama wagonjwa, watafunguka zaidi. Waume na wakwe ni kikao kifupi, na lengo lake ni moja: waache kuhesabu miezi ya ndoa, waelewe kwamba hali hii ina matibabu, na kwamba wenzi wakichelewa kupata mtoto wote wawili hupimwa, mwanamume akiwemo.

Halafu kuna kundi ambalo karibu kila mwelimishaji hulisahau, nalo ni wale wanaoziona dalili kabla ya daktari. Msusi anaona utosi unavyopungua nywele. Anayefanya kazi ya kutoa nywele usoni anamjua mteja anayerudi kila baada ya siku chache. Muuza dawa anamjua msichana anayenunua krimu ya chunusi mwaka wa tano mfululizo. Hawa wafundishe sentensi moja tu ya kumwambia mteja kwa upole, wakiwa wawili: "Dada, umewahi kuhesabu siku zako?" Basi. Wasiende mbali zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Safisha maneno yako

Neno "mgumba" lisitoke kinywani mwako kikao kizima. Wala "tasa". Wala "mwanamke asiyekamilika", ambalo nimelisikia likisemwa na mtu aliyedhani anatia moyo. Usiseme "homoni za kiume zimekutawala". Sema androjeni zimezidi kiasi. Usiseme "uvimbe", kwa sababu anayesikia uvimbe anasikia kisu.

Kwa hedhi, tumia neno wanalolitumia wao. Wapo wanaosema kuona siku, wapo wanaosema kuingia mwezini, mabinti watakuambia kublidi. Lifuate lao. Ukishikilia "mzunguko wa hedhi" saa nzima watadhani unasoma kitabu.

Hatua ya 5: Kikao chenyewe

Panga saa moja na nusu. Watu 15 hadi 25 wanatosha. Wakizidi hapo, hakuna atakayesema la moyoni. Andaa karatasi yenye miezi 12 kwa kila mmoja, kalamu, na vipande vidogo vya karatasi za maswali. Viti vipangwe kwa nafasi ili mtu asiione karatasi ya jirani yake.

Usianze na somo. Anza kwa kubandika ukutani kalenda ya mwaka mmoja ya mtu wa mfano, yenye alama nyekundu siku ya kwanza ya kila hedhi. Ninayoitumia mimi ina tarehe hizi: 4 Januari, 27 Februari, 19 Aprili, 2 Julai, 20 Agosti, 1 Novemba, 18 Desemba. Kisha waulize: huyu anaona siku zake kila mwezi? Wengi wataangalia haraka na kusema, "Ndiyo, anachelewachelewa tu kidogo." Hapo ndipo mnahesabu pamoja, kwa sauti. Kutoka 4 Januari hadi 27 Februari ni siku 54. Kutoka hapo hadi 19 Aprili ni 51. Kutoka 19 Aprili hadi 2 Julai ni 74. Halafu 49, halafu 73, halafu 47. Hakuna nafasi hata moja iliyo chini ya siku 35, na mwaka mzima ni mara 7. Waache waitazame kimya kwa muda. Kuna watakaoanza kuhesabu kwenye vidole vyao chini ya meza.

Sasa gawa karatasi zao. Kila mmoja ajaze anachokumbuka, kwa siri, hata kama ni miezi mitatu tu ya mwisho. Zunguka usaidie, na uangalie makosa mawili. La kwanza, wengi huhesabu tangu siku damu ilipokata. Hapana: unahesabu kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. La pili, matone mawili ya kuchafua nguo ya ndani si hedhi. Yaandike pembeni, lakini yasiingie kwenye hesabu. Asiyekumbuka kitu aende na karatasi tupu nyumbani aanze leo. Hilo nalo ni tunda la kikao.

Kwenye kikao kimoja alikuwepo mama aliyemleta bintiye wa kidato cha tatu. Binti alikuwa na alama nne tu kwenye karatasi ya mwaka mzima. Mama yake aliichungulia, akaiweka mapajani, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kila mwezi binti alipokosa siku zake, nyumbani palikuwa na maswali ya mimba, na mara mbili alipimwa kwa nguvu. "Mwanangu," alimwambia mbele yetu, "nilikugombeza bure." Ndiyo maana nasema mwanzo uwe kalenda. Hotuba yoyote kuhusu ovari isingewafikisha pale.

Baada ya kalenda ndipo ueleze PCOS, dakika 20 zinatosha, kwa ule mfano wa miche. Taja dalili nyingine: nywele nene kidevuni, kifuani, tumboni au mgongoni, chunusi zisizoisha utu uzima, nywele za kichwani kupungua, uzito kupanda upesi, weusi wa shingoni. Kisha eleza jinsi madaktari wanavyoamua. Tangu makubaliano yaliyofikiwa Rotterdam 2003, mtu mzima huhesabiwa kuwa na PCOS akiwa na mambo mawili kati ya matatu, sababu nyingine zikishaondolewa: yai kutopevuka inavyopaswa, androjeni kuzidi mwilini au kwenye damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Rudia neno "mawili kati ya matatu". Linawaokoa wengi, maana yupo aliyeambiwa ultrasaundi yake ni safi akaacha kutafuta msaada, na yupo aliyeonekana vifuko tu, hana dalili nyingine, akatangaziwa ugonjwa asiokuwa nao.

Maliza kwa vile vipande vya maswali. Kila mtu aandike, hata asiye na swali aandike "sina", ili asijulikane nani kauliza. Kusanya, changanya, soma.

Hatua ya 6: Mwandae kwa safari ya hospitali

Kumwambia mtu "nenda hospitali" hakutoshi. Wengi wamekwenda wakarudi na panadoli. Mpe vitu vitatu mkononi. Kwanza karatasi yake ya kalenda. Pili orodha ya dalili na mwaka zilipoanza. Tatu sentensi ya kusema, ambayo mfanye airudie mbele yako mara mbili: "Kwa mwaka mzima nimeona siku zangu mara 7. Naomba nichunguzwe kama nina PCOS."

Mweleze atakachokutana nacho ili asishtuke. Atapimwa mimba. Atatolewa damu ya kupima homoni ya tezi ya shingo, prolaktini (ile homoni ya maziwa) na testosteroni, ambayo ni mojawapo ya androjeni. Atapimwa presha, mafuta kwenye damu na sukari. Kipimo bora cha sukari kwa hali hii ni kile cha kunywa maji yenye glukosi gramu 75 na kutolewa damu kabla ya kunywa na tena saa mbili baadaye. Ultrasaundi si lazima kwa kila mtu: mwenye hedhi inayoyumba na androjeni zilizozidi tayari ana yale mawili. Kwa mtu mzima, mwongozo wa 2023 umeruhusu pia kipimo cha damu cha homoni iitwayo AMH badala ya ultrasaundi. Kwa binti ambaye haijapita miaka minane tangu avunje ungo, vyote viwili havitumiki kuamua, kwa kuwa ovari za umri huo huwa na vifuko vingi kiasili. Binti lazima awe na hedhi inayoyumba na androjeni zilizozidi kwa pamoja. Akiwa na moja tu, anafuatiliwa na kupimwa tena baadaye.

Mwanamke ambaye ndevu zimeota kwa kasi ndani ya miezi michache na sauti inakuwa nzito, huyo asisubiri kalenda. Aende wiki hiyo hiyo. Na anayevuja damu nyingi mpaka anasikia kizunguzungu aende siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Maswali yatakayokubana

"Nitapata mtoto?" Ndilo litakalokuja la kwanza, hata kama hukulitaja. Jibu la kweli lina matumaini: wanawake wengi wenye PCOS hupata watoto, wengine bila msaada wowote, wengine kwa dawa za kupevusha yai. Letrozoli ndiyo inayopendekezwa kuanza nayo, chini ya daktari. Hapohapo ongeza jambo ambalo halisemwi vya kutosha: yai linaweza kupevuka wakati wowote bila taarifa, kwa hiyo asiyetaka mimba atumie kinga. Nimewaona waliojiona hawawezi kushika mimba wakashika.

"Nikikosa hedhi na sitaki mtoto, kuna ubaya gani?" Upo. Yai lisipopevuka, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa bila kupata homoni ya kuutuliza na kuung'oa. Ndiyo maana hedhi ikija baada ya miezi huja kama mafuriko, na ndiyo maana hatari ya saratani ya utando huo inapanda, ingawa kwa idadi kabla ya kukoma hedhi bado ni wachache wanaoipata. Daktari anaweza kutoa dawa ya kuleta hedhi kila baada ya muda. Tena PCOS haiishii kizazini: inaongeza hatari ya kisukari aina ya pili, kisukari cha mimba na presha. Sukari ipimwe hali inapogunduliwa, na baada ya hapo kila mwaka hadi miaka mitatu kutegemea hatari ya mtu.

"Vidonge vya majira si ndivyo vinavyoharibu kizazi?" Kwa asiyetafuta mimba, vidonge vyenye homoni mbili ndivyo tiba ya kwanza ya kurekebisha hedhi, chunusi na nywele. Haviharibu kizazi. Havimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa au mwenye presha ya juu, na ndiyo sababu aandikiwe na mtaalamu badala ya kuazima kwa shoga yake. Dawa iitwayo metformini nayo husaidia upande wa insulini.

"Nipunguze uzito itapona?" Hapa kuwa mwangalifu sana. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua hata asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi, na mazoezi ya dakika 150 au zaidi kwa wiki yanasaidia hata kama mizani haijasogea. Lakini wapo wembamba wenye PCOS, na wapo wanene ambao mwili wao unapigana nao kwa sababu ya insulini ileile tuliyoieleza. Usimwambie mtu "punguza mwili" kana kwamba amekuwa mvivu. Mtu akisikia hivyo harudi tena, kwako wala hospitali.

"Kuna dawa ya kusafisha vifuko?" Hakuna. Hakuna cha kusafisha, kwa kuwa vile si uchafu. PCOS haina dawa ya kuiondoa moja kwa moja, ina dawa za kuidhibiti kwa muda mrefu, na anayeuza chupa inayomaliza kila kitu kwa siku 21 anauza uongo. Liseme bila kumumunya.

"Nikinyoa ndevu zitaongezeka?" Haziongezeki wala hazinenepi, zinaonekana butu tu kwa kuwa zimekatwa. Anyoe kwa amani wakati anasubiri dawa, ambazo huchukua miezi sita au zaidi kuonyesha tofauti kwenye nywele.

Kuna swali moja ambalo haliulizwi kwenye karatasi, hivyo litangulie wewe. Sonona na wasiwasi huwapata wenye PCOS zaidi ya wengine. Kuamka kabla ya wenzako ili ung'oe nywele kidevuni mlango ukiwa umefungwa, kila siku, kwa miaka, kunachosha roho. Waambie kwamba hilo nalo ni sehemu ya kutibiwa, na wamtajie daktari kama wanavyomtajia hedhi.

Hatua ya 8: Tunza siri

Karatasi za kalenda waondoke nazo wenyewe. Usipige picha za kikao zinazoonyesha sura bila ruhusa ya kila mmoja, na mwanamke akikusimulia yake, hadithi hiyo si yako kuipeleka kikao kinachofuata mpaka akubali. Yule mama na bintiye wote wawili waliniruhusu.

Hatua ya 9: Redioni na mitandaoni

Septemba ndio mwezi wa kuhamasisha kuhusu PCOS duniani, na rangi yake ni ya kijani-bluu. Utumie, kwa sababu ndio wakati watangazaji wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Redioni nenda na daktari au muuguzi: wewe simulia na ufundishe kuhesabu, maswali ya dawa yabaki kwake. Ukitengeneza bango au video fupi, iwe na kalenda, ile namba 8, na mahali pa kwenda. Usiweke picha ya mwanamke analia ameshika tumbo. Na maoni yasomwe kila siku, kwa kuwa wauza dawa za kimiujiza huvamia hapo mapema sana, na mwanamke aliyekata tamaa huwafuata inboksi kabla hujafuta.

Hatua ya 10: Fuatilia waliokwenda

Idadi ya waliohudhuria inapendeza kwenye ripoti, lakini inayokupa ukweli ni idadi ya waliofika hospitali. Baada ya miezi mitatu wapigie wale waliokubali kupigiwa, uliza mambo matatu tu: umeendelea kujaza kalenda? Ulikwenda? Ulipimwa nini? Andika majibu kwenye daftari bila majina.

Safu ya tatu ndiyo ya kuitazama sana. Kama wengi walikwenda na karatasi zao wakarudishwa na "ni kawaida, utakaa sawa", kikao chako kinachofuata kisiwe cha wanawake. Kiombe na wauguzi na matabibu wa kituo wanachokwenda, beba ile kalenda yenye alama saba, ibandike ukutani, na uwaombe wahesabu kwa sauti.